Siku Mama Alipokata Mti kwa Mkasi wa Vitambaa

Utomvu ule mweupe hauna adabu. Unanawa, unasugua kwa sabuni ya kufulia, unafikiri umetoka, kumbe ukishika kitambaa vidole bado vinanata. Wiki iliyopita nilikuwa napunguza mti wa maua ulioko ukutani chini ya dirisha letu hapa Area 18, Lilongwe, uliokuwa umeanza kuwakwaruza vichwa watu wapitao njia, na utomvu ukanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza swali moja. Nitalifikia. Kwanza nieleze habari za mti wa Koko, maana bila mti huo swali halieleweki, na hata ukiwepo mimi mwenyewe silielewi vizuri.

Koko ni mama mzazi wa baba yangu. Kwetu bibi tunamwita hivyo. Baba alifariki kabla hatujafika Malawi, kwa hiyo nyumbani Dzaleka tulikuwa watatu tu: Mama, Koko na mimi. Mama ni mtu wa Bukavu, Kongo, amesoma, na kazi yake ilikuwa kushona. Koko alitoka upande wa Fizi, hakuwahi kukaa darasani, lakini kitu chochote alichokichomeka ardhini kiliota. Mimi na Mama tulitangulia kufika. Koko alifika mwaka uliofuata na kundi jingine, kwa hiyo kwenye ofisi ya wakimbizi alikuwa na karatasi yake peke yake. Wakati ule sikuona ajabu yoyote. Kwangu karatasi ilikuwa karatasi.

Tawi la kwanza la ule mti alilipata mjini Dowa Boma. Alikuwa amekwenda kutibiwa goti, akapita kwenye uzio wa mama mmoja Mmalawi, akaona maua mekundu makubwa. Kichewa chake kilikuwa neno moja tu, zikomo, yaani asante. Basi akasema zikomo, akanyoosha kidole kwenye maua, akasema zikomo tena, mpaka yule mama akacheka na kumvunjia tawi. Koko aliliweka kivulini siku tatu ili kidonda chake kikauke, ndipo akalipanda chini ya dirisha letu. Watu wa bustani wanauita poinsetia. Sisi hatukuwa na jina jingine isipokuwa mti wa Koko.

Kosa lake lilikuwa pale alipoupanda. Nyumba yetu ya matofali ya udongo ilikuwa na dirisha moja dogo upande wa njia, na hapo ndipo Koko alipokaa kutwa nzima na goti lake, akichambua maharage na kuwatazama watu wanaokwenda kisimani. Alijua nani amenunua kitenge kipya na nani hasalimiani na nani. Masika mawili yakapita, mti ukaliziba dirisha lote. Chumba kikawa cha kijani, na wakati wa baridi kikawa chekundu. Mimi niliupenda mwanga ule. Koko aliuchukia.

"Mama Furaha," alisema, maana Furaha ni mimi, "hii muti imefunga dirisha. Mi naona majani tu, bantu sibaone tena."

"Eh Mama, tutaikata ya nini?" Mama alimjibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Shiye tunaenda."

Tunaenda. Nimekulia ndani ya neno hilo. Tulikuwa na dosie, yaani faili la maombi, ya kwenda Kanada, Mama alishahojiwa mara mbili, na kila siku ya matangazo tulikwenda kusoma majina ya waliopata nafasi kwenye ubao. Nyumba ya watu wanaoenda haitengenezwi. Mlango wetu ulifungwa kwa waya, paa lilipovuja tuliweka sufuria, na mimi nilivaa sweta iliyoishia juu ya kitovu kwa sababu huko Kanada watatupa makoti. Kwa nini basi mtu aukate mti? Nilimwona Koko kama mzee msumbufu, mwenye haraka ya jambo lisilo na faida. Naona haya kulisema, lakini ndivyo nilivyomwona.

Sasa habari ya mkasi. Fundi yeyote atakuambia kwamba mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine. Ukikata karatasi nao, makali yanakufa, na kitambaa kitatafunwa badala ya kukatwa. Mkasi wa Mama ulikuwa mzito, mweusi kwenye mishikio, umetoka naye Bukavu ukiwa umefungwa ndani ya blauzi. Vitu vingine vyote vilipotea njiani, mkasi ulifika. Siku moja nilikata nao kipande cha daftari. Alinichapa makofi mawili ya mgongo, kisha akajuta, akanibembeleza na kucheka.

"Siku tutapanda avion," aliniambia, yaani ndege, "hapo njo utakata nayo karatasi, utakata hata mawe. Mbele ya hapo, usiiguse!"

Mtoto haweki maneno ovyo. Mimi niliyaweka hayo mahali pazuri.

Ilikuwa mwishoni mwa baridi, mti umeanza kuyadondosha majani yake mekundu. Nilitoka shule mchana, na nilipofika kwenye kona ya nyumba nikasikia sauti ya mkasi. Naijua ile sauti kuliko kengele ya kanisa. Lakini haikutoka ndani. Mama alikuwa amesimama nje, chini ya dirisha, bado amevaa nguo zake nzuri alizoendea ofisini asubuhi, na anakata mti wa Koko kwa mkasi wa vitambaa.

Nilisimama na kitabu mkononi. Alikuwa analiminya tawi nene kama kidole gumba, mkasi unakataa, yeye anauzungusha na kuukandamiza kwa mikono miwili mpaka tawi linakatika na kutema maziwa. Kisha lingine. Utomvu ulikuwa umemrukia kwenye blauzi na shavuni. Alikuwa akihema. Panga letu lilikuwa pale pale, limeegemea ukuta, wala hakulitazama.

"Mama," niliita, "ni makasi yako!"

"Najua," alisema. Akaendelea.

Nyuma ya matawi dirisha likaanza kuonekana, na ndani ya dirisha uso wa Koko, macho ameyafumba nusu kwa sababu ya jua. Nilimtazama Mama, nikautazama mkasi, na mara moja nikaelewa kila kitu. Tumepata! Tunapanda avion! Mkasi hauna kazi tena, ndiyo maana anakata nao chochote. Na mti anaukata kwa sababu watu wanaoondoka husafisha nyumba, wasimwachie mwenzao uchafu. Nilifurahi kuliko siku zote. Hata machozi yaliyokuwa machoni pa Mama niliyapa maana yake: watu hulia wakiitwa majina yao kwenye ubao, nilikuwa nimewaona mwenyewe.

Sikuuliza. Laiti ningeuliza. Nilikimbia moja kwa moja kwa Esperansi, rafiki yangu, aliyekaa nyumba ya tano kutoka kwetu, nikamwambia tunaenda Kanada. Kwetu anayeondoka huacha vitu. Majirani huja mapema kusema wanataka nini, mmoja godoro, mwingine ndoo, na si aibu, ndivyo inavyokuwa. Basi na mimi nikaacha urithi wangu: nikamvulia Esperansi mkoba wangu wa shule, mwekundu, wenye zipu nzima. Mama yake alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa letu. Alisikia akiwa anasonga nsima, akainua mwiko juu na kupiga vigelegele.

Siku mbili zilizofuata nyumbani hakukuwa na shangwe yoyote. Mama alishona bila kuimba. Nilimsikia akilaani kwa sauti ya chini, maana mkasi ulikuwa umepata pengo, katikati ya makali, na kila alipokata, kitambaa kilivutika pale pale. Nikajiuliza anashonea nini tena watu ikiwa tunaondoka. Nikajijibu kwamba anamaliza nguo za watu, hataki deni la kazi. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu. Mtoto mwenye akili ni balaa.

Jumapili mchana, baada ya ibada, wakaja. Tuliwasikia kabla ya kuwaona: ngoma ndogo, manyanga, sauti za wanawake zikipanda njia yetu. Walikuwa kama kumi na wawili, wamevaa vitenge vya umoja wao, na Mama Esperansi mbele. Waliingia wakiimba shukrani, wakajaa chumba chote, wengine wakabaki nje wakiimbia dirishani, kwa kuwa sasa dirisha lilikuwa wazi. Mama alisimama kando ya cherehani na futi ya kupimia shingoni. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipoteza rangi vile.

"Felisitasio, Mama Furaha!" Mama Esperansi alimpongeza na kumkumbatia. "Mungu amekumbuka bajane na batoto yao. Ulitaka utufiche? Mutoto njo alituambia."

Mama alinitazama. Mimi nilikuwa natabasamu bado.

"Na ju ya Koko, usipate wasiwasi," Mama Esperansi akaendelea, kwa roho safi kabisa, hakukusudia baya. "Tunajua karatasi yake iko mbali na yenu. Shiye bamama tutamuchunga. Tutamupikia, tutamufulia. Wewe uende na amani."

Koko habaki! Nani amesema Koko anabaki? Nilimgeukia. Alikuwa dirishani na ungo wa maharage mapajani, vidole vyake vimesimama katikati ya kuchambua, na anamtazama Mama. Hakuonekana kukasirika. Alikuwa anangoja.

"Karatasi ya Koko iko pamoja na yetu," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kumwambia mteja kwamba nguo iko tayari. "Benye bamewaambia tunaenda bamekosea. Bado. Dosie inaendelea. Siku tutaenda, tutaenda batatu."

Mwenye ngoma alijaribu kuificha nyuma ya kitenge. Niliona aibu ikishuka juu ya wanawake wale, mmoja mmoja, na nikangoja kofi, tena kofi la mbele ya watu. Badala yake Mama alitoka nje, akarudi amekumbatia matawi aliyoyakata, yale yaliyokauka vidonda, akaanza kuwagawia. "Mumekuja na nyimbo, hamuwezi kurudi mikono mitupu. Mupande hii. Ni maua ya Koko." Akampa kila mmoja tawi lake. Kisha akamwomba Mama Esperansi aimbe tena ule ubeti wa mwisho, kwa kuwa Koko anaupenda. Wakaimba. Koko naye akaimba, akipiga makofi polepole juu ya ungo.

Mimi sikuelewa hata punje. Kama hatuendi, mkasi uliharibiwa kwa nini? Kama tunaenda, kwa nini Mama anadanganya siku ya Mungu? Na zawadi za kuaga anazigawa za nini? Walipoondoka nilisogea pembeni kungoja adhabu yangu. Aliniambia tu, "Nenda ulete mukoba yako." Nilikwenda. Esperansi alikuwa ameshaandika jina lake ndani kwa kalamu ya wino, herufi kubwa. Nilisoma na mkoba ule miaka miwili zaidi, ukiwa na jina la mtu mwingine, na kila nilipoufungua niliona moto usoni.

Siku chache baadaye likatokea jambo dogo ambalo nililiona na kulipuuza. Koko, aliyeogopa baiskeli kama nyoka, alirudi nyumbani saa sita mchana juu ya kabaza, baiskeli ya kukodi, amekaa upande, miguu imenyooka, amemkumbatia kijana wa watu kiunoni kwa nguvu zote. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alisema ametoka kliniki, goti linamsumbua. Nilimwamini, maana goti lilimsumbua kila siku.

Hatukuitwa tena kwenye ubao. Familia ya Esperansi waliitwa. Waliondoka na basi asubuhi moja, na mti wa Koko mlangoni kwao ukabaki unaendelea kukua bila mtu. Mama akaleta mlango mpya. Akanunua mabati mawili. Kila mwaka, maua yakiisha, Koko alisema, "Mama Furaha, muti imefunga tena dirisha," na Mama alichukua panga, si mkasi, akaupunguza siku hiyo hiyo bila neno. Nami nilikua nikimlaumu kimoyomoyo. Nilidhani ofisi ilitusahau kwa sababu Mama hakujua kujitetea, na wakati mwingine nilidhani ni kwa sababu yangu, kwamba nilitangaza jambo kabla ya wakati wake nikaliharibu. Hilo la pili nililibeba miaka mingi na sikumwambia mtu.

Koko ndiye aliyenitua, katika ugonjwa wake wa mwisho. Nilikuwa msichana mkubwa tayari. Mama alikuwa amekwenda sokoni kupeleka nguo, mimi nilikuwa nampaka Koko mafuta kwenye goti.

"Mama yako alikataa Kanada ju yangu," alisema, kama anaendeleza mazungumzo tuliyoyaacha jana.

Nilisimamisha mkono. Akanieleza kwamba siku ile ya mkasi alijua kuna jambo baya. "Anapenda ile makasi kuliko meno yake. Mutu haharibu makasi ya kazi ju ya furaha. Na ile muti, nilimuomba myaka mbili aikate, akasema tunaenda. Siku anaikata, njo nikajua hatuende." Kisha wanawake walipoimba na kusema watamtunza, akajumlisha. Ndipo akapanda kabaza, si kwenda kliniki. Alikwenda ofisini na karatasi yake. "Nikabaomba: bapelekeni bale babili, mimi nitabaki, sina shida. Banatafuta mu makaratasi yabo. Banasema, Koko, umechelewa. Ameshaweka mukono. Amesema bila wewe haendi."

Nililia. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia Mama kwamba anajua, miaka yote ile.

"Nimwambie, halafu? Kila asubuhi nitamwambia aksanti, na yeye kila asubuhi atasema si kitu. Tutachoka. Wacha anipikie bugali tu." Akanishika mkono uliojaa mafuta. "Na wewe usimwambie. Hata nikikufa. Yeye anafurahi ju alinificha. Usimunyanganye."

Nikaahidi. Baada ya mazishi, tukiwa tunakunja vitenge vyake, Mama naye akanisimulia, akitazama pembeni: kwamba ofisini walimwambia nafasi ni za watu wawili, akakataa, akarudi nyumbani, na hasira ya siku ile ilikuwa kubwa hata hakujali alichoshika mkononi. "Lakini Koko hakujua," alisema. "Hilo njo ninashukuru Mungu." Nikakunja kitenge mara nne, tano, mpaka kikawa kidogo mno.

Sasa mkasi ni wangu. Macho ya Mama yalipochoka alinipa, na nashona nao hapa Lilongwe, kwenye kibaraza cha nyumba yetu. Nimeunoa mara nyingi lakini pengo halitoki. Ukitazama kwa karibu pindo la gauni lolote nililokata, utaona kijino mahali kitambaa kilipovutika, na wateja wangu wengine wanadhani ni alama yangu ya biashara. Mti nao nilitoka nao Dzaleka, tawi moja ndani ya gazeti.

Wiki iliyopita, basi, nilikuwa nakata kwa panga, na Mama kwenye kiti chake cha plastiki. Aliniangalia nikiyapanga matawi kivulini ili yakauke. Akasema, bila kunitazama:

"Furaha. Koko alikuambiaka kitu? Alijua?"

Panga lilikuwa mkononi mwangu na utomvu ukidondoka juu ya kiatu. Nilifikiri juu ya nyimbo zile, na kabaza, na Koko akimkumbatia kijana wa watu kiunoni kwa woga ili aende kuomba aachwe. Nilitaka Mama alijue hilo kuliko kitu chochote ninachokitaka duniani: kwamba alipendwa kiasi hicho. Na nilikuwa nimeahidi. Sijui hadi leo kama ahadi kwa aliyekufa inashinda haki ya aliye hai anayekuuliza usoni.

"Hapana, Mama," nikasema. "Hakujua."

Akatikisa kichwa taratibu kukubali, na nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetua ndoo.

"Njo vizuri," alisema. "Leta panga. Ile tawi ya juu umeiacha, itafunga dirisha."